Ndege Ingoje Chini: Mazungumzo Juu ya Safari za Anga na Hali ya Hewa



Msafiri huchukizwa aambiwapo angoje kiwanjani, hasa akitazama juu na kuona jua linawaka wala hapana wingu. Lakini kungoja chini ni salama kuliko kungoja angani, na shauri hilo hufaa likifanywa mapema.

Tutazame Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, nao upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Hiyo ni sababu mojawapo ya mvua ya mawe inayoharibu chai ya Kericho wakati wa alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, na upepo hutoka kila upande kwenda ziwani. Pale unapokutana, hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu makubwa ya radi, ambayo huweza kudumu hata asubuhi. Wavuvi wayajua sana. Rubani naye hathubutu kupenya ndani yake, sharti ayazunguke.

Tarehe 6 Novemba, 2022, asubuhi, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba, ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43, na 19 walikufa. Wavuvi ndio waliowahi kwenda kuokoa.

Huko Nairobi taabu ni ukungu. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kina njia moja tu ya kurukia na kutua, na ndege kadhaa za kutoka mbali hufika alfajiri, saa ile ile ukungu upendapo kushuka. Hapo ndege huzunguka juu zikiteketeza mafuta, kisha nyingine hupelekwa Mombasa. Kwa kanuni za mataifa, ndege kubwa lazima ichukue mafuta ya kufika iendako, ya kwenda kiwanja kingine, na ya dakika 30 zaidi. Akiba hiyo si ya kuchezewa.

Basi mpango wa siku zijazo uweje? Kumwambia mwongozaji wa ndege kwamba radi yatazamiwa hakutoshi. Apewe hesabu: saa fulani kiwanja kitapokea ndege ngapi. Tuseme ni kumi badala ya ishirini; zile kumi nyingine zizuiwe huko zilikotoka, kabla hazijawasha injini. Marekani hufanya hivyo kwa miaka mingi.

Kwetu anga huongozwa kutoka Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam, nayo dhoruba huvuka mipaka bila pasi. Nairobi ikijua na Entebbe isijue, faida iko wapi? Vituo hivyo na vishauriane kila jioni juu ya hesabu moja, na kuigeuza usiku kadiri mawingu yaendavyo. Mitambo ya rada ni ghali, nakubali. Kushauriana kwa simu si ghali. Na fedha zikipatikana, kwa maoni yangu viwanja vidogo vya kando ya ziwa vitangulizwe, kwa kuwa huko mara nyingi rubani hutegemea macho yake tu.