Kusamehe ni Kuachilia



Katika Kigiriki cha Agano Jipya, kusamehe ni afiemi, yaani kuachilia, kuacha kitu kiende. Kwa kitenzi hicho hicho Mathayo asimulia jinsi Petro na Andrea walivyoziacha nyavu zao, na jinsi homa ilivyomwacha mama mkwe wa Petro.

Sasa tuitazame Sala ya Bwana. Tunapomwomba Baba, twasema afes: utuachilie. Tunapojitaja sisi wenyewe, Luka aandika afiomen: twaachilia. Bali Mathayo, katika nakala za kale, aandika afekamen: tumekwisha kuachilia. Basi asaliye ameufumbua mkono wake kabla ya kumnyoshea Mungu.

Ndugu yangu, huenda leo utaisali sala hiyo huku umelifumbata kosa la jirani. Kusamehe si kukana kwamba uliumizwa; hata deni lililofutwa lilikuwa deni la kweli. Lakini mkono uliofumbwa haupokei kitu. Kabla hujalala usiku huu, mtaje mtu huyo kwa jina mbele ya Mungu, umwachilie. Amina.