Usifute kule mbele ya kushika huku
(Maneno yaliyosemwa kwenye mukutano wetu, Shasha)

Komite iliniomba nieleze namna programu ya ordinatere inachukua barua pepe, ju wengi wanaulizaga: "Rezo ikikatika katikati, barua inapotea?"

Programu ikitengenezwa vizuri, haipotei.

Tuseme mufuko wako wa maharagi uko depo kule Minova. Utamwambia mwenye depo afute jina lako wakati gani? Siyo wakati mufuko unapandishwa kwenye pikipiki. Ni wakati umeisha kuingia nyumbani.

Programu inafanya vile vile. Kuko njia inaitwa POP, ni kusema kanuni ya posta. Masharti yake ya leo yaliandikwa mwaka 1996. Programu inafika kwa seva, inatoa jina na neno la siri. Inaomba liste ya barua. Kila barua iko na alama yake, njo programu inajua ipi ni mpya. Inaichukua, inaiandika kwenye diski. Kiisha njo inasema: "Hii futa." Hata hapo seva haifuti, inatia alama tu. Inafuta wakati programu imeaga. Rezo ikikatika mbele ya kuaga, hakuna inayofutwa. Pengine kesho utaona barua moja mara mbili. Hiyo si neno. Kupotea njo hasara.

Lakini kiisha kuaga, barua inabaki pahali pamoja tu: ndani ya mashini yetu. Na sisi tunajua vitu gani vinabakiaga nyuma. Mwezi wa pili 2024, wakati vita ilifika hapa, watu walibeba watoto na magodoro. Nani alifikiri ordinatere? Na ndani ya barua njo kunakuwa liste za familia na karatasi za mashamba.

Basi ninaomba mambo matatu. Sekretere achague "acha nakala kwenye seva", ama atumie njia ya IMAP, ambayo barua zinabaki kule. Lakini aangalie, kwa IMAP ukifuta huku, na kule inafutika. Pili, nakala iwekwe kwenye flashi, ishikwe nyumba ingine. Tatu, neno la siri lijulikane na watu wawili wa komite, siyo mumoja, siyo kumi.

Mashini inangoja mpaka ishike huku njo iachilie kule. Na sisi tufanye vile.