Injini ya Eropleni Inunuliwe Lini?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, kila mtu na daftari lake na kalamu yake. Somo la leo lina kusoma, lina hesabu, na lina jambo la kufikiri. Mwalimu wa darasa atasoma kipande kimoja kimoja, nanyi mtafuata kwa macho katika karatasi zenu.

Jambo lenyewe ni hili: mtu anayejiundia eropleni nyumbani, anunue injini yake lini? Anunue mwanzo, ili aione na kupata moyo wa kazi? Au angoje mpaka mwisho?

Huenda wewe hutaunda eropleni maisha yako yote. Hata hivyo sikiliza. Swali hili litakufaa siku utakapotaka kununua kitu cha bei kubwa kwa kazi ambayo bado hujaimaliza.

1. WATU WANAOJIUNDIA EROPLENI

Huko Marekani wako watu wengi wanaounda eropleni katika mabanda ya motokaa zao. Hawa si wenye viwanda. Ni waalimu, mafundi, wakulima na wazee waliostaafu. Sheria ya nchi hiyo inawaruhusu, maadamu zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda imefanywa na watu waliotaka kujifunza na kujifurahisha, wala si kwa biashara. Eropleni hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuruka. Chama chao, kiitwacho EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika mji wa Milwaukee. Tangu mwaka 1970 mkutano wao mkubwa hufanyika katika mji wa Oshkosh.

Kazi yao huenda kwa hatua. Wengi huanza na mkia, kwa kuwa ni mdogo na mtu hujifunza mikono yake juu yake. Kisha mabawa. Kisha kiwiliwili, yaani mahali anapokaa rubani. Halafu injini, propela, nyaya na vyombo vya kupimia. Kazi hii huchukua saa nyingi sana, mara nyingi zaidi ya elfu moja. Mwenye kufanya kazi jioni na siku za mapumziko tu atahesabu miaka. Wengine huchoka njiani, huugua, huhama, au hupungukiwa na fedha, na eropleni haimaliziki.

Injini hawaiundi. Wengi huinunua. Nayo mara nyingi ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Injini mpya ya silinda nne, kwa mfano ya kampuni ya Lycoming, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hizo ni fedha za nyumba nzima: za mume, za mke, na za karo ya watoto.

2. NDUGU WAWILI WA DAYTON

Sasa tusome habari ya kale kidogo. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, walikuwako ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Kazi yao ilikuwa kuunda na kuuza baiskeli. Walitaka kuruka.

Hawakuanza kwa injini. Mwaka 1900, mwaka 1901 na mwaka 1902 walikwenda kwenye michanga ya Kitty Hawk, ufukoni mwa bahari, na eropleni zisizo na injini. Waliruka kwa upepo tu. Wakajifunza kuigeuza eropleni, kuiinua na kuishusha. Eropleni ya mwaka 1902 walipoweza kuiongoza watakavyo, ndipo walipotafuta injini. Tena walikwisha piga hesabu na kujua wanachotaka: injini nyepesi yenye nguvu za farasi zipatazo 8. Waliandika barua kwa watengenezaji mbalimbali, wasipate ya kuwafaa. Basi fundi wao, Charles Taylor, akaiunda katika karakana ya baiskeli kwa muda wa majuma yapatayo sita. Mwezi wa Februari 1903 mwili wa injini ukapasuka katika majaribio, ikabidi wasubu mwingine. Injini ilipokamilika ilitoa nguvu za farasi zipatazo 12. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa muda wa sekunde 12, mwendo wa mita zipatazo 37. Siku ile ile Wilbur aliruka sekunde 59.

Wakati huo huo, bwana mmoja mwenye elimu kubwa, Samuel Langley, naye alikuwa akishindana na kazi hiyo. Serikali ya Marekani ilimpa dola 50,000. Injini yake ilikuwa nzuri ajabu: nguvu za farasi 52, zaidi ya mara nne ya ile ya akina Wright. Lakini eropleni yenyewe haikuwa tayari kuibeba. Tarehe 7 Oktoba 1903 ilianguka katika mto Potomac. Tarehe 8 Desemba ikaanguka tena. Rubani, Charles Manly, alitolewa majini akiwa hai.

Mnaona? Injini bora haikuisaidia eropleni ambayo bado haijakamilika.

3. INJINI INAYOLALA

Labda mtu atasema, "Mimi nitainunua leo, niiweke ghalani. Chuma hakiozi." Hapo amekosea. Chuma huliwa na kutu.

Injini inayofanya kazi mara kwa mara hupakwa mafuta ndani yake yenyewe. Ikilala, mafuta hutiririka chini polepole, na vyuma vya juu hubaki vikavu. Hewa ina maji ndani yake. Usiku wa baridi maji hayo huganda juu ya chuma kama umande juu ya majani, na kutu huanza. Katika injini nyingi za Lycoming, mhimili unaofungua vali, ambao mafundi huuita kemshafti, umekaa juu. Kwa hiyo ni wa mapema kukauka. Siku injini itakapowashwa, kutu ile huparuza chuma kama msasa, na vumbi la chuma huzunguka katika mafuta yote. Kwa macho, nje, injini yang'aa. Ndani imekwisha anza kufa.

Wengine huizungusha propela kwa mkono kila juma wakidhani wanaitunza. Hawaitunzi. Mkono hauna nguvu ya kuyarudisha mafuta juu, bali huzidi kuyapangusa yale machache yaliyobaki. Wala kuiwasha dakika chache si dawa. Injini isiyopata moto wa kutosha hubaki na maji ndani.

Tena umri wa injini hauhesabiwi kwa saa za kuruka peke yake. Kampuni ya Lycoming hushauri kwamba injini ifunguliwe na kufanywa upya inapotimiza saa ilizopangiwa, na nyingi zimepangiwa saa 2,000 hivi, au inapotimiza miaka 12, hata kama saa hizo hazijatimia. Mipira na mabomba ya mpira huzeeka hata ghalani. Dhamana ya mtengenezaji nayo ina mwisho wake.

Na juu ya injini baharini au barabarani, ikizimika unaweza kungoja msaada. Angani hapana kando ya njia.

Iko hatari nyingine: fedha iliyotangulia kutolewa si yako tena. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, mojawapo ya kampuni zinazojulikana sana kwa kuuza vipande vya eropleni za kujiundia, iliomba ulinzi wa mahakama mwezi wa Desemba 2023 kwa sababu ya madeni. Kampuni haikufa. Lakini wanunuzi wengi waliokwisha tanguliza fedha waliambiwa wakubali bei kubwa zaidi ili wapate mali yao.

4. CHAGUA MAPEMA, NUNUA BAADAYE

Je, basi mtu asiifikirie injini kabisa mpaka mwisho? Sivyo. Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Kuchagua ni jambo moja. Kununua ni jambo jingine.

Kuchagua kufanywe mapema. Injini nzito huvuta pua chini, na injini nyepesi huiacha pua juu. Fremu ya mabomba inayoishika injini, kifuniko chake, njia za petroli, vyote hufuata aina ya injini. Asiyejua aina ya injini yake atakata bati mara mbili.

Kununua kungoje mpaka kiwiliwili kikaribie kusimama na mahali pa kuifunga pawe tayari. Wahenga walisema, usikate kanzu, mwana hajazaliwa.

Lakini injini mpya haipatikani siku ile ile. Nyakati nyingine mnunuzi hungoja miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo lazima tupige hesabu. Chukueni kalamu.

Tuseme mtu amebakiza kazi ya saa 600 kabla ya kufunga injini. Yeye hufanya kazi saa 10 kila juma.

600 ÷ 10 = 60. Amebakiza majuma 60.

Muuzaji anasema injini itafika baada ya majuma 40.

60 − 40 = 20. Basi asiagize leo. Aagize baada ya majuma 20.

Sasa tuseme mtu huyu anasema kwamba hufanya kazi saa 10, lakini daftari lake linaonyesha saa 5 tu kwa juma. 600 ÷ 5 = 120. Akiagiza leo, injini itafika juma la 40 na kulala majuma 80 ikingoja eropleni. Hiyo ni zaidi ya mwaka na nusu.

Basi usihesabu kwa saa unazotamani kufanya. Hesabu kwa saa ulizoandika. Waundaji wenye busara huandika kila siku: tarehe, kazi, na saa. Daftari hilo pia ndilo linalomwonyesha mkaguzi kwamba kazi ni yao. Aliyesoma na kuandika hadanganywi, hata na nafsi yake mwenyewe.

Na hesabu ikipotea kidogo, ni afadhali eropleni iingoje injini kuliko injini iingoje eropleni. Bati lililofunikwa vizuri halina hasara kubwa.

5. IKITOKEA BAHATI

Huenda ikapatikana mapema injini iliyotumika, kwa bei nzuri. Usikatae upesi, wala usikubali upesi. Kwanza soma kitabu chake. Kila injini ya eropleni yapasa kuwa na kitabu cha habari zake: saa ilizofanya, matengenezo, na kama propela iliwahi kugonga chini. Kisha mwite fundi mwenye ujuzi atazame ndani ya silinda, na kemshafti pia ikiwezekana. Ukiinunua, iandae kwa kulala: mafuta maalumu ya kuzuia kutu, matundu yote yazibwe, na plagi zenye chembe za kunywa maji. Chembe nyingi za namna hiyo huwa za buluu zikiwa kavu, na huwa nyekundu hafifu zikishiba maji. Hapo hubadilishwa.

Kabla ya kutoa fedha, jiulize mambo matatu. Mahali pa kuifunga pako tayari, au karibu? Nikilipa hii, fedha ya propela na vyombo itabaki? Na mwenzangu wa nyumbani ameiona hesabu hii na kukubali? Jibu moja likiwa "hapana", ngoja.

MASWALI

1. Kwa nini akina Wright hawakutafuta injini mwaka 1900?
2. Injini inayolala huharibiwa na nini?
3. Eleza tofauti ya kuchagua na kununua.
4. Mtu amebakiza saa 480. Hufanya kazi saa 8 kila juma. Injini huchukua majuma 35. Aagize baada ya majuma mangapi?
5. Andika katika daftari kitu kimoja cha bei kubwa unachotaka kununua. Andika kazi ambayo lazima imalizike kwanza.

Swali la tano someni nyumbani pamoja na jamaa zenu. Kwaherini, mpaka juma lijalo.