Aliyekufa Alikunywa Maji ya Wapi?

Ndugu wanachama, mwaka juzi tulipougua matumbo katika landhi tuliambiwa ni uchafu wetu. Tulikosa jibu, kwa sababu hakuna aliyeandika lolote.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Soho, London. Kwa siku kumi walikufa watu zaidi ya 500. Wakubwa wakasema ni hewa mbaya. Daktari John Snow hakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu alikuwa akiteka maji wapi. Karibu wote, bomba la mkono la Broad Street.

Sasa sikilizeni habari za wafanya kazi, maana ndio ushahidi wenyewe. Barabara ile ilikuwa na kiwanda cha fataki za bunduki, watu kama 200. Tajiri aliwawekea mapipa mawili ya maji ya bomba lile. Walikufa 18. Jirani, kiwanda cha pombe kilikuwa na watu zaidi ya 70, wenye kisima chao, tena wakipewa pombe. Hakufa hata mmoja. (Msicheke, siwafundishi ulevi.)

Mpini wa bomba uliondolewa tarehe 8 Septemba. Baadaye padre Henry Whitehead, ambaye kwanza alimpinga Snow, aliupata mwanzo: mtoto mchanga aliyeharisha katika nyumba nambari 40. Maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la uchafu, nalo lilivujia kisima cha bomba.

Basi karani wa tawi anayo daftari. Ukiugua, mpe jina, siku, nambari ya nyumba, na bomba ulilotekea.