WASTANI NI NINI? HESABU YA TIMU ILIYOSHINDWA KUPIGA MPIRA

Natumaini kila mtu amekaa na daftari lake liko wazi. Mwalimu wa darasa asikae mbali na ubao, maana leo tutamtumia sana.

Katika somo lililopita tulijifunza kutafuta wastani. Tulisema kwamba mkwezi akiangua nazi 30 katika minazi 6, wastani wake ni nazi 5 kwa mnazi. Wenzetu wa darasa la Kerege, pale kwenye barabara ya Bagamoyo, wameuliza swali. Wanasema: mkwezi anaijua minazi yake, anajua upi unazaa na upi umechoka, sasa huo wastani unamwambia nini asichokijua?

Swali hili ni zuri, na sitalijibu kwa nazi. Nitalijibu kwa mchezo wa kriketi, kwa sababu katika mchezo huo kila mpira unaorushwa huandikwa kitabuni, na kitabu hicho hubaki miaka mingi baada ya wachezaji kuzeeka. Wamarekani nao wana mchezo wa jamaa yake, uitwao besiboli, na huko pia timu ikianza msimu bila kupiga mipira vizuri watu hukimbilia kalamu na karatasi. Lakini sisi tunacho kisa cha kwetu. Ni kisa cha timu ya Afrika ya Mashariki iliyokwenda Uingereza mwezi wa Juni 1975, kucheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume.

Najua wengi wenu hamjauona mchezo huu. Basi fikirini mchezo wa rede wanaocheza watoto wetu. Mmoja yuko katikati, wenzake wanamrushia mpira, naye anakaa humo mpaka apigwe. Kriketi inafanana na hiyo kidogo, ila anayerushiwa ana gongo la mbao mkononi, na nyuma yake vimesimamishwa vijiti vitatu. Vijiti hivyo huitwa wiketi. Kazi ya mrushaji ni kuviangusha. Kazi ya mpigaji ni kuvilinda na kuupiga mpira uende mbali. Wapigaji huwa wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, na kati yao pana njia ya mita 20 hivi. Mpira ukipigwa, wanakimbia kubadilishana nafasi. Wakifika salama, wamepata mkimbio mmoja. Mpira ukibiringika hadi mpakani, ni mikimbio 4. Ukiruka mpaka bila kugusa chini, ni 6. Vijiti vikiangushwa, au mpira uliopigwa ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji anatoka na mwingine anaingia. Kila timu ina watu 11. Wakitoka 10, zamu ya kupiga imekwisha, kwa kuwa wa 11 hana mwenzake wa kukimbia naye.

Neno moja tena: ova. Ova moja ni mipira 6. Katika mashindano yale ya 1975 kila timu ilipewa ova 60. Mwalimu aandike ubaoni: 60 mara 6 ni 360. Basi kila timu ilikuwa na mipira 360 ya kutafuta mikimbio, kama wapigaji wake hawakutolewa wote mapema.

Timu yetu ilikusanywa kutoka nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kapteni alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Kutoka Tanzania walikuwamo Praful Mehta na Shiraz Sumar. Kutoka Uganda, Samuel Walusimbi na John Nagenda. Hawakuwa watu wa kulipwa kwa kucheza.

Tarehe 7 Juni, mjini Birmingham, walikutana na New Zealand. New Zealand walipiga kwanza wakapata 309. Mtu mmoja wao, Glenn Turner, alipata 171 peke yake, na hakuna aliyeweza kumtoa. Zamu yetu ilipofika, tulicheza ova zote 60, wakatoka watu 8, na hesabu ikasimama 128. Aliyepiga vizuri ni Frasat Ali, mikimbio 45.

Tarehe 11 Juni, mjini Leeds, ilikuwa zamu ya India. Sisi tulipiga kwanza. Tulitolewa wote kwa 120, kabla ova hazijaisha. Aliyejitahidi zaidi ni Jawahir Shah, 37. India wakaingia, na wapigaji wao wawili wa kwanza, Sunil Gavaskar na Farokh Engineer, wakafikisha 123 bila mtu kutoka.

Tarehe 14 Juni tulirudi Birmingham kucheza na Uingereza wenyewe. Wao 290. Sisi 94, wote nje. Ramesh Sethi alipata 30. Mrushaji wao John Snow alirusha ova 12, akatoa wanne wetu, na katika mipira hiyo 72 tuliambulia mikimbio 11.

Sasa tuandike. Mwalimu aweke 128, chini yake 120, chini yake 94, na apige mstari. Jumlisheni polepole, msikimbilie jibu la jirani.

Jibu ni 342. Hii ni mikimbio yote ya Afrika ya Masharika katika mechi tatu, pamoja na ile ya bure itokanayo na makosa ya warushaji wa upande wa pili. Hebu rudini juu kwa Glenn Turner. Yeye alipata 171. Zidisheni 171 kwa 2. Mmeona? Ni 342 kamili. Mtu mmoja, siku moja, alipata nusu ya yale tuliyopata sisi sote kwa siku tatu.

Tutafute wastani. Waliotoka siku ya kwanza ni 8, ya pili 10, ya tatu 10, jumla 28. Gawanyeni 342 kwa 28. Inaingia mara 12, inabaki 6. Kwa hiyo kila mara mpigaji wetu mmoja alipotolewa, timu ilikuwa imepata mikimbio 12 na kidogo tu. Hapa ndipo wastani unapoanza kutuambia jambo. Mtu akiangalia mechi moja atasema, "Frasat alipiga vizuri." Ni kweli. Akiangalia nyingine atamsifu Jawahir, na nyingine Sethi. Kila siku alikuwapo mmoja wa kusifiwa, na macho yetu humfuata huyo. Wastani hauna macho ya kumfuata mtu. Unasema kwamba mpigaji wa siku ile alisimama peke yake, na wenzake walikuwa wanaingia na kutoka. Katika mechi zote tatu hakuna wetu hata mmoja aliyefika 50. Kapteni mwenyewe alipata mikimbio 6 kwa mechi zote tatu, na simtaji kwa kumcheka; namtaja kwa kuwa mahali pake katika safu ndipo timu ilipohitaji mtu wa kushika usukani.

Maana safu ya wapigaji ina mpango wake. Kwanza huingia wenye subira, waukabili mpira ukiwa mpya na mrushaji akiwa na nguvu. Kisha huingia wenye kutafuta mikimbio kwa haraka. Mwisho huja warushaji, ambao kupiga si kazi yao hasa. Wa kwanza wakitoka mapema, wa katikati wanalazimika kufanya kazi ya subira, na hakuna wa kutafuta mikimbio. Nyumba nzima inalala upande mmoja.

Jambo la pili la kupima ni mwendo. Gawanyeni 309 kwa 60: New Zealand walipata mikimbio 5 na kidogo kwa ova. Gawanyeni 128 kwa 60: sisi tulipata 2 na kidogo. Siku ya India mambo yalikuwa mazito zaidi. Mrushaji wao Bishan Bedi, mtu wa mpira wa polepole wenye kuzunguka, alirusha ova 12. Katika ova 8 kati ya hizo hatukupata hata mkimbio mmoja. Katika 4 zilizobaki tulipata 6. Mipira 72 kwa mikimbio 6: yaani mipira 12 kwa kila mkimbio. Mpaka leo warushaji wa kriketi huitaja hesabu hiyo ya Bedi kwa heshima. Sisi ndio tuliokuwa na gongo mkononi.

Lakini hesabu ikitumiwa nusu humwonea mtu, kwa hiyo tuitumie yote. Siku ile ile ya 7 Juni, tulipopata 128, India nao walikuwa London wakicheza na Uingereza. Walipata 132 tu. Yule Gavaskar, mmoja wa wapigaji wakubwa duniani, alikaa uwanjani ova zote 60 akatoka na mikimbio 36. Tofauti yetu na India siku ile ilikuwa mikimbio 4! Basi polepole si ugonjwa wa wanyonge peke yao. Tofauti ilionekana baada ya siku nne: India walijirekebisha, na Gavaskar huyo huyo akapata 65 dhidi yetu bila kutolewa. Sisi tulikwenda 128, 120, 94. Tulikuwa tunateremka.

Mwingine wa kulinganisha naye ni Sri Lanka. Nao, kama sisi, hawakuwa bado katika daraja la mataifa makubwa ya kriketi. Walianza vibaya kuliko sisi: siku ya kwanza West Indies waliwatoa wote kwa 86. Lakini tarehe 11 Juni, siku tuliyopata 120 mbele ya India, Sri Lanka walipata 276 mbele ya Australia, na wawili wao waliumizwa na mipira ya Jeff Thomson wakashindwa kuendelea. Walishindwa mechi, lakini walipiga.

Kwa nini wao waliinuka na sisi tukateremka? Kitabu cha mchezo hakijibu swali hilo. Hapa nasema niliyoyapima mwenyewe. Sri Lanka walikuwa watu wa nchi moja, na kriketi ilikuwa imeingia katika shule zao tangu zamani. Sisi tulikuwa nchi nne, na wachezaji hawakuwa na nafasi nyingi ya kucheza pamoja. Tena, huku kwetu wengi walizoea kupiga mpira unaodunda juu ya mkeka uliotandikwa uwanjani. Juu ya mkeka mpira hudunda kwa namna mpigaji anayoitegemea. Uingereza unadunda juu ya majani na udongo wenye unyevu, na hubadili njia ukishagusa chini. Mpigaji hujifunza hilo kwa miezi, si kwa juma moja.

Na kubwa zaidi: timu iliitwa ya Afrika ya Mashariki, lakini ilichaguliwa kutoka klabu chache za mijini, nyingi za jamii ya Kihindi. Uganda ilikuwa imekwisha poteza wachezaji wengi Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972. Vijana wa vijijini, kuanzia Kerege hadi Kisumu, hawakuwa wameshika gongo. Ukiwa na kisima kidogo utateka maji kidogo, hata ndoo iwe kubwa kiasi gani.

Kisima hicho kilipopanuliwa, hesabu zilibadilika. Kenya, ikicheza kwa jina lake, ilikutana na West Indies mjini Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia. Kenya ilipata 166. West Indies, waliokuwa mabingwa wa lile kombe la 1975, walitolewa wote kwa 93. Iwekeni 93 kando ya 94 yetu. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali. Kwetu Tanzania, Fatuma Kibasu alipata zaidi ya mikimbio 100 katika mechi moja na Mali mwaka 2019, na mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walipata, kwa mara ya kwanza, nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la umri wao, lililofanyika Zimbabwe na Namibia mwaka 2026.

Kazi ya nyumbani. Sri Lanka mwaka 1975 walipata 86 siku ya kwanza, wakatoka watu 10; 276 siku ya pili, wakatoka 4; na 138 siku ya tatu, dhidi ya Pakistan, wakatoka 10. Tafuteni jumla ya mikimbio, jumla ya waliotoka, na wastani. Kisha andikeni sentensi mbili kwa mkono wenu: siku gani kati ya hizo tatu wastani huo umeificha? Wenye kuandika polepole wasione haya kuomba muda zaidi. Walimu wakusanye madaftari kabla ya somo lijalo, ambalo litakuwa juu ya kusoma jedwali la mvua.

Kwaherini.