Kuipima Nafsi Kabla ya Kuitoa Mali
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Jumuiya, Wanyange, Jinja)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Nimetakiwa na wakubwa wa Jumuiya niseme maneno machache juu ya kuiweka mali katika biashara, mashamba na hisa. Sababu ya kutakiwa mwaijua. Vijana wetu walipoleta shauri la kila nyumba kutoa fungu katika mfuko mmoja wa biashara, wako waliosema "tumekubali" kabla ya karatasi kumalizika kusomwa, na wako walioinuka wakavaa viatu wakaenda zao. Mimi nalikaa kando nikiwatazama hao na hawa, na kwa hakika sikuona hata mmoja aliyejiuliza swali lililo kubwa kuliko la faida, nalo ni hili: mimi, kwa hali yangu nilivyo, naweza kuchukua hasara kiasi gani?

Nitaanza kwa khabari mbili za masahaba, zote zahusiana na safari ya Tabuk. Mtume alipowataka watu watoe mali kwa ajili ya jeshi, Sayyidna Umar alileta nusu ya mali yake, na Sayyidna Abubakar akaleta yote aliyokuwa nayo, ikapokelewa. Kisha baada ya safari ile, Kaab bin Malik, aliyebaki nyuma bila udhuru, toba yake ilipokubaliwa alitaka naye aitoe mali yake yote kuwa sadaka. Yeye aliambiwa abakishe sehemu, ndiyo kheri yake. Tazameni, wazee wangu. Jambo ni moja, kutoa mali yote. Mmoja akakubaliwa na mwingine akazuiwa. Maulamaa wamesema kwamba kila mtu alitazamwa kwa nguvu ya moyo wake na hali ya nyumba yake. Na Saad bin Abi Waqqas, alipokuwa mgonjwa akataka kuusia mali yake, hakuruhusiwa kupita thuluthi, kwa ajili ya warithi wake wasije wakawa wenye kuomba watu.

Basi vipimo ni viwili, na watu wengi huvichanganya. Kuna uwezo, na kuna moyo. Uwezo ni hesabu: una nini, unadaiwa nini, wangapi wanakula kwako, na fedha hii utaihitaji lini. Moyo ni namna utakavyolala usiku ule utakapoambiwa kwamba nusu yake imekwenda. Yuko mwenye maduka matatu mjini Jinja ambaye akipoteza laki moja haonji chakula siku mbili. Huyo ana uwezo, moyo hana. Na yuko kijana wa bodaboda, pikipiki yenyewe bado ni ya mkopo, ambaye yu tayari kuweka shilingi yake ya mwisho katika jambo alilolisikia asubuhi kituoni. Huyo moyo anao wa simba, lakini uwezo hana, na moyo wake hautawalisha watoto wake. Mtu akitaka kujua kipimo chake cha haki, na achukue kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Mimi nayasema haya si kwa kusoma tu. Mwaka 2002 nalikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na vanila ilikuwa imewapanda watu kichwani. Tufani kubwa ilikuwa imepiga Madagaska mwezi wa Aprili 2000, na kwa kuwa vanila nyingi ya dunia hutoka huko, bei ilipaa mwaka hata mwaka. Kufikia 2003 kilo moja iliyokaushwa ilikuwa ikiuzwa katika masoko ya dunia kwa kiasi cha dola 500. Huku kwetu watu walikuwa wakilala mashambani na mapanga kuwangoja wezi. Nikauza ng'ombe wawili na kipande cha ardhi cha urithi, nikakodi shamba upande wa Kayunga, ng'ambo ya Nile, nikapanda. Rafiki zangu waliponiuliza kama siogopi, nalicheka. Naam, nalijiona shujaa. Na ushujaa wangu ulikuwa wa mtu ambaye hajapata kupoteza kitu.

Mche wa vanila hukaa kama miaka mitatu ndipo uzae. Ua lake hufunguka siku moja tu, nalo lazima liguswe kwa mkono, moja moja, tangu alfajiri. Niliyafanya yote hayo. Nilipokuwa tayari kuvuna, Madagaska walikuwa wamekwisha kupanda upya, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani wamezoea ladha ya kutengenezwa viwandani. Kufikia 2005 bei ya dunia ilikuwa imeshuka chini ya dola 50. Sikulala. Nalikuwa nikisali tahajudi, na watu wakinisifu kwa ucha Mungu, kumbe nimeamshwa na vanila. Binti yangu mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Mama yake hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba ile ardhi ya urithi, nalipoiuza, nalimhesabu nani katika watakaoipoteza? Swali hilo sijalijibu hata leo.

Na jirani yangu wa shamba kule Kayunga alipata bei ile ile mbaya. Yeye alikuwa amepanda vanila pembeni tu, kati ya migomba na mibuni yake. Alisikitika siku mbili, akaendelea kupalilia kahawa. Sote wawili tulipigwa na upepo mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alijua, kabla ya kupanda, ni kiasi gani akikosa hatapungukiwa na chakula.

Sasa wale waliovaa viatu wakatoka wasidhani ninawatetea. Wako wanaosema: mimi fedha yangu naificha, sitaki hatari. Wazee mliopo mwakumbuka mwezi wa Mei 1987. Serikali ilibadili fedha, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Aliyeleta shilingi 10,000 alipewa 70 badala ya 100. Na kabla ya siku hiyo bei za vitu zilikwisha kuila fedha ile miaka mingi. Babu yangu alikuwa na kopo lake chini ya kitanda. Hakufanya biashara yoyote, hakumkopesha mtu, hakucheza kamari. Na kopo lake likamtoka hivyo hivyo akiwa amelikalia. Na aliyekimbilia benki akidhani huko hakuna shaka, na akumbuke 1998 na 1999, Benki Kuu ilipozifunga International Credit Bank, Greenland Bank na Cooperative Bank. Siku hizi uko Mfuko wa Kulinda Amana, nao hulipa hadi shilingi milioni 10 kwa mwenye amana katika benki iliyofungwa. Ni jambo jema, walakini nao una mpaka. Mahali pasipo na hatari kabisa katika dunia hii mimi sijapaona.

Tena sisi Waislamu jambo hili latuhusu zaidi kuliko jirani zetu. Riba tumekatazwa. Anayekopesha kwa riba ataka faida yake ijulikane tangu leo, mkopaji apate asipate. Mlango huo ukifungwa, unaobaki ni wa kushirikiana: katika mudharaba mwenye mali hutoa mali, mwenye kazi hutoa kazi, faida hugawanywa kwa sehemu walizoagana, na hasara ya mali, pasipokuwa na hiana wala uzembe, humwangukia mwenye mali, mwenye kazi hupoteza jasho lake. Kwa hiyo Mwislamu aliyeacha riba amekubali kuchukua sehemu ya hatari, apende asipende. Mwaka 2016 sheria ya mabenki ya Uganda ilirekebishwa ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapewa leseni, ya kwanza kabisa katika nchi yetu. Nimefurahi kama mlivyofurahi. Lakini nimesikia watu wakisema kwamba kwa kuwa ni halali basi haina hasara. Sivyo. Uhalali wa jambo hauondoi hasara yake. Shamba la mpunga ni halali, na mafuriko hulichukua, kama ndugu zetu wa Mbale walivyoiona mito yao mwishoni mwa Julai 2022.

Juu ya hisa nitasema kidogo, maana hukumu ya kila kampuni ina mazungumzo yake, na leo si siku yake. Jirani zetu wa Kenya waliuziwa hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Watu walipanga mistari barabarani, na wengi walikopa benki ili wanunue. Mapema mwaka 2009 hisa ile ilikuwa chini ya shilingi 3. Waliokopa walilazimika kuuza kwa hasara, maana deni halingoji. Waliotoa fedha wasiyoihitaji waliziacha, na mwaka 2021 zilipita shilingi 40, kisha zikashuka tena sana. Hisa ni ile ile, kampuni ni ile ile. Aliyeumia na aliyenufaika walitofautiana kwa muda waliokuwa nao, na kwa deni. Ndiyo sababu nawaambia vijana: karo ya muhula ujao haina moyo wa kungoja, hata kama wewe unao. Fedha ya mwezi huu isiende katika jambo la miaka kumi. Mwenye miwa alijua hilo; muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, na bei utakayoikuta kiwandani siyo ile iliyokufanya upande.

Kuna jambo lingine ambalo si hatari, ni wizi, nalo lisichanganywe na haya. Tanzania mwaka 2009 palikuwa na DECI, watu wakiambiwa wapande mbegu ya fedha wavune maradufu; na kwetu mwaka 2019 Dunamiscoins ilifunga milango, maelfu ya vijana wakabaki nje na risiti zao. Anayekuahidi faida kubwa bila uwezekano wa kupoteza hakuulizi juu ya moyo wako, anaupima ujinga wako. Hapo hapana haja ya kujitafakari, ni kumkimbia tu.

Nasi katika Jumuiya hii tunayo mali ya namna tatu, nayo ndiyo shida ya shauri lililo mbele yetu. Iko fedha ya mtu mwenyewe, nayo aipime kwa nafsi yake. Iko fedha ya nyumba. Hiyo mume asiipime peke yake, maana watakaolala njaa ni wengi, na nimewaonyesha tayari swali nililoulizwa mimi. Na iko amana ya mayatima iliyomo mkononi mwa kamati. Sayyidna Umar amepokewa akiusia mali ya yatima izalishwe isije ikaliwa na zaka, kwa hiyo kuificha tu si uaminifu. Lakini ushujaa wa katibu wetu, au woga wangu mimi, hauna nafasi hapo. Yatima hakuulizwa.

Kwa hiyo rai yangu, nami ni mtu mmoja tu, ni kwamba amana ya mayatima isiingie katika mfuko huu wa vijana mwaka wa kwanza. Itafutiwe jambo polepole, kama nyumba ya kupangisha. Wenye nyumba wasiandike jina leo. Kila mmoja arudi kwake, akae na mkewe, waandike kwenye karatasi madeni yao, karo zao, na akiba ya chakula cha miezi mitatu. Kitakachobaki wakigawe, na lile fungu watakaloona kwamba likipotea watasikitika bila kugombana, ndilo walilete. Pengine litakuwa shilingi elfu ishirini. Lipokeeni. Pengine nyumba nyingine haitaleta kitu, na mtu asimcheke mwenzake kwa hilo msikitini.

Karatasi tupu nimeleta kiasi, ziko kwa mwalimu wa madrasa mlangoni. Asiyejua kuandika aje kwangu baada ya Alasiri siku yoyote isipokuwa Jumatano, maana Jumatano huwa shambani. Vanila sikuing'oa yote. Iko mistari minne, kati ya migomba.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.