Sekunde Nane za Kipa

Msikilizaji, baada ya habari za michezo, tuitazame saa ya mwamuzi.

Tangu Julai 2025, kipa anayeshika mpira zaidi ya sekunde nane anaadhibiwa kwa kona. Mwamuzi huinua mkono na kuhesabu kwa vidole zile tano za mwisho. Zamani zilikuwa sita, na adhabu ilikuwa faulo ndani ya boksi. Nzito mno, waamuzi wakaiogopa.

Je, hili linakuhusu nini wewe wa Manyoni au Iramba? Umelipa nauli na kiingilio, umefika uwanjani kuitazama Singida Black Stars. Dakika ya 80 mchezaji wa timu inayoongoza anajiangusha, machela inaingia, anabebwa hadi nje ya mstari, kisha anainuka anaomba kurudi. Huyo sekunde nane hazimgusi kabisa, na kwangu hilo ni pengo kubwa.

Wapo wanaotaka saa isimame, kama kwenye mpira wa Kimarekani. Kule pasi ya mbele isipodakwa saa husimama, na timu ikichelewesha mchezo hurudishwa nyuma yadi tano.

Lakini sikiliza na upande wa pili: dakika 60 za kule huchukua takriban saa tatu, na basi la kurudi kijijini halisubiri. Tena wapo wachezaji wanaoumia kweli.

Sasa swali: mwamuzi abaki peke yake na saa, au saa ikabidhiwe mtu mwingine, ionekane na uwanja mzima?